Umeona ama Umetumiwa?

Wera ya Mombasa bara siku hizi haianzii getini. Inaanza saa kumi na moja alfajiri, simu ikitetemeka chini ya mto. Dere wa mat ya Shika Adabu anataka kujua feri ngapi ziko majini. Kibarua wa Changamwe anacheki kama jina lake limeingia kwa listi ya leo. Manzi wa saluni pale Mtopanga anaskiza voisi ya bosi, sauti chini, mtoto asiamke. Na wote hawa, kabla hata hawajapiga mswaki, washapitia habari kibao za serikali, za mpira, za vifo na za vita, ambazo hakuna mtu ameziandika akaweka jina lake.

Hiyo ndiyo rada ya sasa. Grupu moja la WhatsApp ndilo ofisi, ndilo ubao wa matangazo, ndilo gazeti, na ndilo baze. Kidole kilekile kinachotuma "shifti ya usiku imesongezwa saa moja" ndicho kinachotuma "shule zafungwa kuanzia Jumatatu". Herufi ni zilezile, rangi ni ileile, na picha ya aliyetuma ni ileile ya kanzu ya Idi. Mchele na chuya vimo kwenye ungo mmoja, na mwenye haraka ya kuwahi kazi hana muda wa kupepeta.

Wazee wakibonga kuhusu haya, lawama zote huja kwa vijana: eti tumelewa TikTok, eti hatusomi, eti tunameza kila kitu. Mimi naona vingine. Vijana hawa wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamejenga wenyewe, bila kufunzwa na mtu, mahali ambapo habari ni safi kabisa. Na hatua mbili kando ya hapo, kwa simu ileile, wameacha mahali pengine pakawa jalala. Tofauti ya hizo sehemu mbili ndiyo imenikalisha chini kuandika.

Anza na feri. Kivuko cha Likoni kinavusha watu wanaokadiriwa kufika 300,000 kwa siku, na anayevuka kwa miguu halipi hata ndururu. Feri moja ikilala, upande wa bara unajaa watu mpaka huoni lami, na msee wa shifti ya asubuhi bandarini anaona pesa yake ikikatwa akiwa bado amesimama foleni. Kwa hivyo madere, makanga na watu wa boda wa Likoni wana magrupu yao, na humo hakuna mchezo. Alfajiri mtu anaandika: "Mbili tu. MV Kwale imelala." Hajarudisha simu mfukoni, ashaulizwa: "Umeona ama umetumiwa?" Kama ameona, anatuma picha ya pale pa kuteremkia, taa za feri zikionekana kwa mbali. Kama ametumiwa, anasema ni nani amemtumia, na huyo anapigiwa simu. Dakika chache tu, ukweli uko wazi. Ukileta fiksi mara mbili, adimini anakutoa, na bado kesho utakutana na haohao steji, macho kwa macho.

Kisauni ni vivyo hivyo. Daraja la Nyali limeshikana, Kongowea hakupitiki, maji yamejaa barabara ya Bombolulu. Changamwe ni matrela: moja limelala Magongo, lingine limefunga raundabauti, na foleni ya kwenda Mikindani haisongi. Hizi ni habari pia, wasee. Zina mahali, zina saa, zina aliyeshuhudia, na zikiwa na kasoro zinarekebishwa palepale mbele ya walewale waliozisoma. Mwandishi wa gazeti anayeheshimu kazi yake hufanya mambo hayohayo. Makanga aliyeacha shule darasa la nane anayafanya kila siku kabla jua halijachomoza.

Huko yanawezekana juu uongo una bei, na bei inamrudia aliyeuleta. Dere aliyedanganywa kuhusu feri amechoma mafuta bure, amekosa tripu mbili, na anajua ni nani aliyemkosesha.

Sasa ngoja saa nne, kazi ipoe, watu wakae kwa kahawa na viazi karai. Grupu ni lilelile. Msee yuleyule aliyekuwa mkali kuhusu feri anatupa kitu kirefu chenye nyota na herufi kubwa: sijui serikali imefanya nini, sijui dawa gani imepigwa marufuku, sijui mtu gani amekufa. Hapo hakuna anayemuuliza kama ameona ama ametumiwa. Wanaweka mikono ya dua, wanaweka uso wa mshangao, kisha kila mmoja anakitupa kwa grupu lake la nyumbani. Wanahisi hakuna anayepoteza tripu. Lakini yuko anayepoteza, na mara nyingi ni mwenzao wa kazini.

Hapa Pwani mtu akifa asubuhi, alasiri anaweza kuwa washamzika. Kwa hivyo habari ya msiba haisubiri, na kazini hakuna ruhusa inayotolewa haraka kama ya mazishi. Zamani tangazo la kifo lilipita redioni: jina la marehemu, watoto wake, ndugu zake, atazikwa wapi na saa ngapi. Mpaka leo wazee wengi bado wanategea sikio matangazo hayo kwa stesheni za hapa. Siku hizi linakuja kama fowadi. Linaanza na Inna lillahi, jina, mtaa, "maziko ni leo baada ya swala ya alasiri". Leo ni lini? Ujumbe hauna tarehe.

Namjua fundi wa gereji Mlaleo aliyepata ujumbe kama huo kuhusu mzee mmoja wa Mtongwe, mtu aliyemlea kama mtoto wake. Akanawa grisi, akamuaga fundi mkuu, akakimbilia tao, akavuka feri, akapanda boda mpaka Mtongwe. Akafika akakuta watoto wanacheza mpira uwanjani na nyumba imetulia. Mzee alikuwa ameshazikwa mwaka mzima nyuma. Mtu alikuwa anapitia simu yake ya zamani, akaona ujumbe, roho ikamuuma, akautuma tena bila kuangalia tarehe. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake. Lakini kule gereji, fundi mkuu alibaki na gari la mteja limefunguliwa injini, na mteja anapiga kelele. Miezi kadhaa baadaye kijana yule alifiwa kweli na shangazi yake. Alipoomba ruhusa aliambiwa alete mtu wa kuthibitisha. Alilia, na kilichomliza zaidi ni lile swali kuliko hata msiba wenyewe.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia habari feki ni shida ya siasa na uchaguzi pekee. Inaingia mpaka kati ya fundi na fundi wake mkuu. Imani ikishavunjika kazini, hata ukweli wako unahitaji shahidi.

Na mabosi nao wana sehemu yao hapa, kubwa sana, na ni nadra kusikia wakiambiwa. Binamu yangu alikuwa kibarua kwenye bohari moja kule Changamwe. Msimamizi alikuwa akiita watu kwa voisi usiku: njooni saa kumi na mbili asubuhi, kontena zimeingia. Siku moja wakafika, wakakuta hakuna kontena wala kazi. Nauli imeenda. Walipofungua simu kumuonyesha alichosema, pale palipokuwa na sauti yake palikuwa na maneno tu kwamba ujumbe umefutwa. WhatsApp ilileta uwezo huo wa kufuta kwa wote mwaka 2017. Zile tiki za buluu ziliingia kabla ya hapo, 2014. Ukizipanga pamoja utaona kibarua alivyobanwa: yeye hawezi kusema hakuusoma, lakini bosi anaweza kusema hakuutuma.

Wakati listi ilibandikwa getini kwa karatasi, ilikuwa na sahihi na muhuri. Karatasi ikichanwa, watu wote wameiona ikichanwa. Sasa neno la kazi linapita kwa sauti, linasikilizwa na mtu aliye nusu usingizini, linaelezwa kwa jirani ambaye bando yake imeisha, na likifika kwa wa tatu, saa kumi na mbili ishakuwa saa moja.

Halafu kuna wenye kabambe. Viwandani Changamwe na mahoteli ya Shanzu na Bamburi kuna kina mama wa usafi, wengine wana miaka mingi kazini kuliko msimamizi mwenyewe, na simu zao hazina WhatsApp. Kila jioni mama wa aina hiyo anampigia kijana wa zamu yake. "Mwanangu, nitazamie jina langu kama liko." "Shikamoo mama. Liko, shifti ya asubuhi." "Marahaba baba, Mungu akuweke." Mawasiliano yote ya kampuni, pamoja na mitambo yake yote, yamesimama juu ya utu wa huyo kijana. Akikosa chaji usiku mmoja, mama anapoteza siku. Sijui ni kampuni gani inayoweza kusema hiyo ni njia halali ya kuwasiliana na mfanyakazi wako.

Seneti iliwahi kuligusa kidogo jambo hili la bosi na simu ya mfanyakazi. Mwaka 2022 seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kubadilisha sheria ya ajira ili mfanyakazi awe na haki ya kutosumbuliwa na bosi baada ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri likaupinga. Mimi nilitamani mjadala ule ufike mpaka kwa kibarua wa siku, ambaye hana saa za kazi zilizoandikwa popote, na ambaye simu ya saa tano usiku ndiyo mkataba wake pekee. Kitu kimoja ambacho kila hasla anafaa kukijua: Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inakubali ujumbe wa simu kortini ukiambatana na cheti cha kueleza ulivyotolewa. Kwa hivyo usifute. Piga skrinshoti ya maagizo ya kazi siku yanapoingia, tarehe na namba zikionekana. Voisi ya kazi ihifadhi pembeni.

Mombasa ilijua kubonga mambo ya kazi kabla ya haya yote. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumbani waligoma mji mzima. Hawakuwa na redio yao wala gazeti lao. Walikuwa wakikutana uwanjani kisiwani, watu wakapaita Kiwanja cha Maskini. Huko ndiko habari ya mgomo ilikopatikana: nani amekamatwa, serikali imesema nini, kesho tunafanya nini. Aliyesema alisimama, akaonekana, akaulizwa maswali na watu wenye njaa. Chama chao, African Workers' Federation, kilikuwa na Chege Kibachia mbele, na Agosti mwaka huohuo serikali ya mkoloni ikamshika ikampeleka mbali, Kabarnet. Maneno yake yalimgharimu, na watu walijua hivyo, ndiyo maana walimwamini.

Kabla yake kulikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti la Sahifa, kisha 1932 akatoa lingine, Al-Islah, akiwasema watu wa mji huuhuu kuhusu elimu, dini na uvivu wao. Wapo waliokasirika. Lakini kila aliyekasirika alijua pa kumpata. Ukilinganisha na fowadi ya leo yenye nyota na herufi kubwa, ambayo hata aliyekutumia hamjui mwandishi wake, utaona tumepoteza kitu cha maana sana.

Lakini nisiwe na upande mmoja. Watu wa Mombasa bara hawakuacha redio na runinga kwa ujinga. Wameumwa, na walioumwa wana haki ya kushuku.

Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba wataalamu wa hali ya hewa wamesema hakutakuwa na El Niño tena. Stesheni zote zikarusha, maana amesema rais. Novemba mvua ikaja. Mombasa ikafurika, nyumba za mabondeni zikaingia maji, na nchi nzima ikazika watu zaidi ya mia moja. Mama wa Kisauni aliyeacha kuhamisha magodoro yake kwa sababu ya tangazo lile, utamwambia nini kuhusu habari rasmi? Nenda Likoni uulize kuhusu daraja. Watu wamesikia habari ya daraja la kudumu tangu utotoni, wakasikia ya magari ya kamba ya kupita juu ya bahari, wakaona picha nzuri magazetini. Walichopata ni daraja la miguu la kuelea pale Liwatoni, mwisho wa 2020, na feri ni zilezile. Mtu akisoma "daraja laja" mara kumi na haliji, ya kumi na moja hataisoma.

Na kuna siku stesheni zenyewe zimenyamazishwa. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima Citizen, KTN na NTV siku ya kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025, vijana wakikumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja yasimame, na stesheni zikatolewa hewani mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia. Siku kama hiyo msee wa Changamwe hana la kufanya ila kuingia TikTok. Utafiti wa Reuters Institute wa 2023 uliikuta Kenya juu kabisa kwa matumizi ya TikTok kati ya nchi ulizozipima: asilimia 54 wanaitumia, na asilimia 29 wanapata habari huko. Ila utafiti huo huuliza watu wa mtandaoni wanaojua Kizungu. Mama wa kabambe hakuulizwa, na dere wa Shika Adabu sidhani.

Ziko pia siku ambazo kamera ya stesheni na simu ya mwananchi zilisema kitu kimoja, na hizo hatuzisahau. Jioni ya 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi walirusha vitoa machozi na kuchapa watu waliokuwa wamejipanga pale feri wakitaka kurudi makwao kabla ya saa moja. Wafanyakazi, si wahuni. Watu walirekodi, waandishi walirekodi, na mwandishi mmoja akachapwa akiwa kazini. Dunia nzima ikaona. Hakuna aliyeweza kusema ni uongo, maana walioshuhudia walikuwa maelfu na picha zilitoka pande zote. Habari ikiwa na mashahidi wengi wanaojulikana, hata mwenye bunduki anashindwa kuifuta.

Lakini palepale feri kuna upande mwingine. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee, likazama na mama na bintiye. Miili ilitolewa 11 Oktoba. Siku zote hizo familia ilikuwa ikisubiri ufukweni, na simu zetu zilijaa maneno ya kila aina. Yale maneno mengine tuliyatuma sisi. Familia nayo ilikuwa na simu, ilikuwa inasoma.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa maofisi makubwa hawaijui, na ni pesa tu. Wasee wengi wananunua bando ya WhatsApp pekee, ile ya bei ya chini. Kwa bando hiyo ukitumiwa linki ya gazeti haifunguki. Utaona kichwa cha habari na picha, basi. Kwa hivyo habari inasafiri kama skrinshoti, imekatwa juu na chini, bila tarehe, bila jina la aliyeandika. Na ikishakuwa picha, mtu yeyote anaweza kuitengeneza. Anachukua nembo ya stesheni, anabandika maneno yake, kimeumana. Stesheni yenyewe inakuja kuipiga muhuri mwekundu wa FAKE, lakini muhuri ule haufiki kwa yale magrupu ambayo uongo umefika. Kina PesaCheck wanaofanya kazi ya kuhakiki habari tangu 2016, na Africa Check, wanafanya vizuri, wanastahili shukrani. Ila kazi yao nyingi iko kwa wavuti, na bando haifiki huko.

Hapo ndipo wezi wa kazi wanapokula vijana wetu. Bandari ya Mombasa imetoa ilani mara kwa mara kwamba matangazo ya kazi yanayozunguka kwa jina lake ni feki na kwamba haitozi mtu hela ili imwajiri. Bado kila msimu kuna kijana wa Chaani ama Jomvu anayekopa ili alipie "fomu". Na ukimuuliza aliamini vipi, jibu ni moja: nilitumiwa na mtu tunafanya naye kazi. Hakuiamini Bandari wala tangazo. Alimwamini mwenzake wa kubeba magunia, ambaye naye alimwamini mwingine, na mwisho wa mnyororo yuko mwizi mwenye laini mbili.

Kuamini mtu unayemjua si kosa. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo yule mama wa kabambe anavyofika kazini. Kosa linakuja mtu akitumia uso wake unaoaminika kubeba kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. WhatsApp wamejaribu kusaidia: 2019 waliweka mipaka ya kufowadi watu watano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule ujumbe uliopita mikono mingi ukazuiwa kwenda zaidi ya chati moja kwa wakati. Ile alama ya mishale miwili juu ya ujumbe ina maana umeshapita angalau mikono mitano kabla ya kukufikia. Wengi tunaiona kila siku na hatuijui kazi yake. Mishale miwili ikiwa juu ya tangazo la kazi, wewe tulia, usitoe hata soo.

Adabu ya magrupu ya feri inafaa kuhamia kwa habari nyingine zote, na haihitaji semina wala mfadhili. Ukituma kifo, weka tarehe na jina la aliyekwambia. Ukituma picha ya gazeti, sema gazeti gani, la lini. Ukikosea, rekebisha kwa grupu lilelile ulilokosea, usiende kuomba msamaha inboksi kwa mtu mmoja. Na mwenzako akikuuliza umetoa wapi, usione umedharauliwa. Dere haoni amedharauliwa akiulizwa kuhusu feri.

Kwa nyinyi wasimamizi, mabosi wa mabohari, mameneja wa mahoteli na wenye magereji: tengenezeni grupu la pili, la shifti na malipo peke yake, adimini ndio waandike, kila tangazo liwe na maandishi, tarehe na jina la aliyelitoa. Bandikeni na karatasi getini, kwa ajili ya mwenye kabambe. Mkiita watu na kazi ikakosekana, lipeni nauli yao badala ya kufuta ujumbe. Na nyinyi wasee mnaosoma hii kwa simu, leo mkitumiwa jambo zito na mtu wa kazini, muulizeni kwa heshima kabla hamjalitupa mbele: umeona, ama umetumiwa?